Kitufe kiko kwa abiria, breki iko kwa dereva

Jumamosi iliyopita nilizungumza na vijana wanaojifunza kutengeneza mifumo ya mtandaoni, kwenye ukumbi mdogo hapa Kijitonyama. Mvua iliwazuia wengi, hasa waliokuwa wanatokea Mbagala na Chanika, nao wameniomba niweke maneno yangu yote mahali wanapoweza kuyasoma. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani nimeziacha.

Wakubwa zangu mlio humu ndani, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Nani amekuja na daladala leo? Nyoosheni mikono. Karibu wote. Sasa ulipokaribia kituo cha Sayansi ulifanya nini? Ulisema, "Sayansi shusha!" Konda akagonga bodi, dereva akakanyaga breki, ukashuka. Nawauliza: breki uliikanyaga wewe? Hukuikanyaga. Wewe ulitoa sauti. Sauti ikafika kwa konda, konda akaipeleka kwa dereva, dereva ndiye aliyetenda. Na kama redio ilikuwa juu, konda hakusikia, gari likapita, ukashushwa kituo cha mbele na kurudi kwa miguu kwenye matope.

Hivyo ndivyo kitufe cha mfumo wa mtandaoni kilivyo, na ndicho kilichonileta mbele yenu. Mtu akibofya "Lipa" kwenye simu yake akiwa Mbagala, bado hajalipa. Akibofya "Futa", bado hajafuta. Amesema "shusha", basi. Kati ya kidole chake na kazi yenyewe kuna kivinjari, kuna mnara, kuna waya, pengine kuna bahari nzima, halafu kuna seva, ile kompyuta ya mbali inayofanya kazi yenyewe, ambayo haimjui. Kitufe kiko kwa abiria, breki iko kwa dereva. Na ninyi mnaoandika msimbo wa upande wa seva, ninyi ndio madereva.

Kwanza tuangalie kinachosafiri, maana wengi wenu hamjawahi kukiona. Chukueni fomu ndogo ya kuomba mkopo wa kikoba. Ina kisanduku cha jina, kisanduku cha kiasi, na vitufe viwili, "Tuma" na "Ghairi". Mtu akibofya "Tuma", kivinjari hakipeleki kitufe. Hakipeleki rangi yake wala umbo lake. Kinapita kwenye fomu, kinaokota kila kisanduku chenye jina na kuandika jina pamoja na thamani yake: jina=Asha, kiasi=200000. Kitufe kilichobofywa nacho, kama mlikipa jina, kinaongezwa humo humo: tendo=tuma. Kile ambacho hakikubofywa hakitajwi kabisa. Basi. Hiyo ndiyo barua yote, mistari mitatu. Ukitumia lugha ya PHP unaichungulia ndani ya $_POST, ukiona tendo=tuma unajua kipi kilibofywa. Hakuna uchawi mwingine.

Lakini angalieni jinsi barua fupi hivyo inavyoweza kusema uongo. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha kazi alitengeneza fomu kama hiyo kwa ofisi fulani. Baada ya wiki, malalamiko: watu wakighairi, ombi linaingia. Wakibofya "Tuma", linaingia. Wakibofya "Ghairi", linaingia vilevile. Tulikaa na msimbo wa seva kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na seva haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye ukurasa. Kitufe cha "Ghairi" kiliandikwa ndani ya fomu bila kutajiwa aina, na kwa kanuni za HTML, kitufe kilicho ndani ya fomu bila kutajiwa aina ni kitufe cha kutuma. Yalikosekana maneno haya tu: type="button". Watu wanasema "sitaki", kivinjari kinapeleka "nataka".

Na hapo hapo, jambo la pili. Mtu akibonyeza Enter akiwa ndani ya kisanduku, kivinjari hakimuulizi anataka kipi. Kinachukua kitufe cha kwanza cha kutuma kilichomo kwenye fomu na kukihesabu kuwa ndicho kilichobofywa. Cha kwanza kikiwa "Futa", mmemchimbia mtu shimo mlangoni. Tangulizeni kitufe kisicho na madhara.

Sasa nije kwenye jambo lililonilia siku nyingi kuliko yote katika kazi hii. Seva haina kumbukumbu.

Narudia: seva haina kumbukumbu. Tim Berners-Lee alipoanzisha wavuti kule CERN, kituo cha utafiti wa fizikia Geneva, alitaka kitu chepesi. Mtu aombe waraka, apewe, kila mmoja ashike njia yake. Toleo la kwanza la HTTP, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva, la mwaka 1991, lilikuwa na ombi la aina moja tu, GET: nipe ukurasa huu. Ukishapewa, mazungumzo yamekwisha, seva haijui kama uliwahi kufika. POST, ombi la kuipelekea seva data, iliongezwa baadaye, na toleo la 1.0 lililoandikwa mwaka 1996 linayo. Lakini kule kusahau kulibaki, na kupo mpaka leo hii tunavyoongea.

Mwaka 2002 Microsoft wakatoa ASP.NET, zana za kutengenezea mifumo ya wavuti, na ndani yake Web Forms. Nia yao ilikuwa njema. Kulikuwa na watu waliozoea kutengeneza programu za kompyuta ya mezani, ambako unachora kitufe, unakibofya mara mbili, unaandika kinachotakiwa kutokea. Wakataka watu hao wafanye hivyo hivyo kwenye wavuti. Weka kitufe, andika Button1_Click, kwisha. Ikaonekana kana kwamba kitufe na fanksheni yake vinalala chumba kimoja. Nimeikuta mifumo ya namna hiyo kwenye ofisi kadhaa nilizopita hapa mjini, inafanya kazi mpaka leo, na baadhi yenu mtaajiriwa kuitunza. Ndiyo maana naisemea.

Havilali chumba kimoja. Mimi huwa naeleza hivi. Mnamjua machinga wa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo. Hana duka. Asubuhi anatandaza turubai, anapanga viatu safu kwa safu. Jioni anakunja. Sasa fikirieni machinga ambaye anatandaza upya kwa kila mteja. Mteja akija, anatandaza. Mteja akigeuza mgongo, anakunja kila kitu na kuisahau sura yake. Baada ya dakika moja mteja yule yule anarudi: "Nipe kile kiatu cha safu ya tatu." Safu ya tatu ipi? Turubai limekunjwa! Ni lazima kwanza alitandaze tena, kwa mpangilio ule ule, ndipo maneno "safu ya tatu" yawe na maana. Asipoitandaza safu hiyo, mteja anaongea na hewa.

Web Forms ndivyo ilivyo. Kila mbofyo unapofika, ukurasa unajengwa upya kuanzia sifuri. Inaanza hatua ya Init. Inafuata hatua ya Load. Hapo ndipo linafika tukio la kitufe. Halafu PreRender, halafu ukurasa unaandikwa na kutumwa, na vyote vinatupwa. Na hali ya vitu vilivyokuwa juu ya turubai inakumbukwaje? Inafungwa ndani ya kisanduku kilichofichwa kiitwacho __VIEWSTATE, inakwenda kwa mteja na kurudi naye. Yaani machinga anampa mteja karatasi: shika hii, ukirudi nipe, nikumbuke kila kiatu kilikuwaje. Lakini karatasi hiyo haitandazi safu; kutandaza ni kazi ya msimbo wenu.

Ukilielewa hilo, utaelewa kitendawili kinachowatesa vijana wengi. Kijana amebofya "Onyesha wanachama". Fanksheni imetengeneza vitufe kumi, kimoja kwa kila mwanachama, na kila kimoja amekifungia tukio lake. Vinaonekana vizuri kabisa. Anabofya kimoja. Ukurasa unapepesa, vitufe vyote kumi vimetoweka, na ile fanksheni yake haikuitwa. Hakuna ujumbe wa kosa. Kimya. Anabofya tena kingine, kimya. Kwa nini? Kwa sababu vitufe vile vilizaliwa ndani ya mbofyo wa kwanza, na mbofyo wa pili ulipofika turubai lilitandazwa bila safu ile. Dawa yake ni kuvitengeneza upya katika kila ombi, mapema, kwenye Init, kila kimoja na ID yake ile ile. Havitakiwi kuzaliwa mara moja. Vinatakiwa kuzaliwa kila siku.

La pili lilinikuta mwenyewe, na nalisema kwa uchungu. Nilitengeneza mfumo wa stoo ya dawa kwa zahanati moja. Muuguzi anafungua ukurasa, anaona paracetamol 400. Amehesabu kabatini, ziko 260. Anafuta 400, anaandika 260, anabofya "Hifadhi". Ukurasa unarudi na maneno ya kijani: "Imehifadhiwa." Na namba kwenye kisanduku ni 400. Anarudia, 400. Akanipigia simu: "Kaka, mfumo wako unabishana na mimi."

Nilidhani yeye ndiye anakosea. Nikamwelekeza kwa simu siku ya kwanza. Nikamwelekeza kwa simu siku ya pili. Siku ya tatu nikapanda gari, nikaketi pembeni yake kwenye benchi, nikamwona kwa macho yangu anaandika mbili, sita, sifuri. Akabofya. 400.

Kosa lilikuwa langu. Ndani ya Page_Load, fanksheni inayoitwa katika hatua ile ya Load, nilikuwa nasoma kiasi kutoka kwenye hifadhidata na kukijaza kisandukuni. Nilidhani Page_Load ni ya kufungulia ukurasa tu. Lakini si nimewaambia? Load inatangulia tukio la kitufe, kila mara, hata ombi likija kwa mbofyo. Kwa hiyo ile 260 ya yule dada ilifika kwenye seva salama. Mimi nikaifunika na 400 ya zamani. Halafu Click ikaja, ikaikuta 400, ikaihifadhi 400, ikasema imehifadhi. Na kweli ilihifadhi! Dawa ilikuwa mstari mmoja, if (!IsPostBack), maana yake: jaza kisanduku pale tu ambapo ukurasa unafunguliwa kwa mara ya kwanza, si pale mtu anaporudi na kitu mkononi. Siku tatu hesabu ya dawa za wagonjwa ilikuwa ya uongo, kwa mstari mmoja ambao sikuuandika, na kwa safari moja ambayo sikutaka kuifanya siku ya kwanza. Nilimwomba radhi yule dada pale pale.

Mtasema, sisi hatutumii Web Forms, tunatumia Laravel, tunatumia Django, zana nyingine za kazi hii hii. Sawa. Turubai linakunjwa huko pia. Tofauti ni kwamba huko hakuna anayejifanya kuwa lipo wazi muda wote, na mimi napenda zaidi hivyo. Mbofyo unapofika, jiulizeni: huyu ni nani, na anazungumzia kitu gani? Majibu mtayakuta sehemu tatu: kwenye barua yenyewe, kwenye sesheni, yaani taarifa za muda ambazo msimbo wenu unamwekea kila mtumiaji, au kwenye hifadhidata. Hakuna ya nne.

Sasa nifike kwa Mama.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mnaikumbuka? Nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikawa inatambaa nchi nzima. Nyaya hizo ndizo zilizotutoa kwenye satelaiti: Seacom ilifika hapa Dar mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Wiki ile nilikuwa na mfumo wa vikoba. Wanachama wananunua hisa kwa simu, fedha zinatoka kwenye pochi ya mtu ya simu. Seva nilikuwa nimeikodi Ulaya.

Jumanne jioni, mweka hazina wa kikoba kimoja cha Mbagala, mama mtu mzima anayekaanga samaki, alitaka kununua hisa tano za shilingi 5,000. Yaani 25,000. Akabofya "Nunua hisa". Ikazunguka. Ikazunguka. Akangoja, hakuna kitu. Ninyi mngefanya nini? Akabofya tena. Ikazunguka. Akabofya mara ya tatu. Halafu meseji zikaingia kwa mfululizo: umekatwa 25,000, umekatwa 25,000, umekatwa 25,000.

Alfajiri yake alitakiwa kuwa Feri, kwenye mnada wa samaki. Mtaji wa Feri ndio uliokatwa. Nilipompigia nikasema, "Shikamoo mama." Akanyamaza kidogo. "Marahaba mwanangu. Hiyo mashine yako imenikata mara tatu, na mimi nimenunua mara moja." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Zile 50,000 zilichukua siku sita kurudi, na siku zote sita hakwenda Feri.

Nataka mkae na sentensi yake: nimenunua mara moja. Yeye alibofya mara tatu na kununua mara moja, na hakukuwa na mkanganyiko wowote kichwani mwake. Mkanganyiko ulikuwa kwenye msimbo wangu. Abiria akisema "shusha, shusha, shusha", dereva anasimama mara ngapi? Mara moja! Hakuna dereva anayesimama, akaondoka, akasimama tena, eti kwa kuwa ameambiwa mara tatu. Dereva wa daladala anajua hilo. Seva yangu haikujua.

Na tambueni kwamba Mama hakuwa na njia ya kujua. Ombi likipotea njiani linapokwenda, simu inazunguka. Ombi likifika, fedha zikakatwa, na jibu likapotea linaporudi, simu inazunguka vilevile. Kwa aliyeishika simu, hali hizo mbili ni moja. Msimlaumu mtu kwa kubofya tena. Wanaoandika kwenye kurasa zao "Usibofye mara mbili" wanamtwika abiria kazi ya dereva.

Nilirekebishaje? Nitawaambia na yale yaliyoshindwa.

Kwanza nilikizima kitufe baada ya kubofywa, kikawa cha kijivu. Kinasaidia, fanyeni, ni adabu. Lakini si kinga. Ukurasa ukifunguliwa upya, kitufe kimefufuka. Na kitufe kilichozimwa hakitumwi na jina lake, kwa hiyo ukikizima mapema mno seva inapata fomu isiyosema kipi kilibofywa. Nililijua hilo baada ya kulifanya.

Halafu nikaandika msimbo wa kuangalia: kabla ya kumkata mtu, tazama kama amelipa dakika hii. Nikaona nimemaliza. Sikumaliza. Maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote mawili yanaangalia, yote mawili yanakuta hajalipa, yote mawili yanakata. Mmeona watu wanavyogombea kiti kituoni jioni? Wawili wanachungulia dirishani kwa wakati mmoja, wote wanakiona kiti ni kitupu, wote wanarusha mikoba yao. Kuona kiti kitupu si kukikalia.

Kilichofanya kazi ni hiki. Seva inapoandaa ukurasa wa kununua hisa, inaupa namba ya tiketi, namba ndefu ya kubahatisha isiyojirudia, na kuiweka kwenye kisanduku kilichofichwa. Mama akibofya mara tatu kwenye ukurasa ule, barua zote tatu zinabeba tiketi moja. Kwenye hifadhidata, jedwali la malipo lina safu ya tiketi, na safu hiyo imewekewa sharti la upekee: hifadhidata yenyewe inakataa mistari miwili yenye tiketi moja. Siangalii kwanza halafu niandike. Naandika moja kwa moja, na hifadhidata ndiyo inayoamua nani amekaa kwenye kiti. Aliyewahi anaendelea kukata fedha. Aliyechelewa hapewi kosa, hapewi maandishi mekundu ya kumtisha, anapewa hali ya malipo yale ya kwanza, na risiti yake ikiwa imekwisha kutoka. Na namba hiyo hiyo naipeleka kwa upande wa pochi ya simu, ili hata seva yangu ikirudia kuomba, nao watambue kuwa ni jambo lile lile.

Kazi ikishafanyika, msimjibu mtu kwa kumwandikia ukurasa juu ya POST ile ile. Mjibuni kwa 303: nenda kaangalie risiti pale. Kivinjari kinakwenda kuichukua kwa GET. Akisasisha ukurasa hata mara ishirini, anaisoma risiti mara ishirini, halipi mara ishirini.

Kuhusu GET niseme kwa ufupi, maana muda unakwenda. GET ni ya kuangalia tu. Msiweke "Futa" kama kiungo. Mwaka 2005 Google walitoa programu iitwayo Web Accelerator, iliyokuwa inatangulia kufungua viungo vya ukurasa ili mtu asingoje. Ilifika kwenye mifumo ambayo "Futa" ilikuwa kiungo, ikavifungua vyote kimoja baada ya kingine, na data za watu zikafutika bila mtu kugusa kitu. Wale waliiandika breki mahali pa dirisha.

Na kitufe kilichofichwa si kitufe kilicholindwa. Kumfichia karani kitufe cha "Idhinisha" hakumzuii anayejua kuandika barua kutuma tendo=idhinisha kwa mkono. Ruhusa ikaguliwe kwenye seva, kwa kila mbofyo. Bei nayo msiipokee kutoka kwenye fomu. Hili nalisema mara moja tu, lakini nalisema kwa uzito wote.

Kuna wenzetu wanaouliza kuhusu njia mpya. Blazor Server ya mwaka 2019, Livewire, LiveView. Unaandika msimbo wa kitufe upande wa seva kama zamani zile za Web Forms, lakini ukurasa wote haujengwi upya, kinachorudi ni kile kilichobadilika. Blazor Server na LiveView zinakwenda mbali zaidi: zinaacha njia wazi kati ya kivinjari na seva, mbofyo unapita humo, na turubai linabaki limetandazwa kwenye seva muda wote. Ni kazi nzuri, naipenda. Ila pigeni hesabu kwanza. Mwanga ndani ya waya wa kioo unakwenda takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Toka hapa mpaka London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata ukinyoosha kamba. Kwenda na kurudi, milisekunde 70 zimekwisha kabla seva haijafanya lolote, na waya haupiti njia iliyonyooka. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia kompyuta, aliandika mwaka 1993 kwamba kitu kikijibu ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anahisi kimejibu papo hapo. Sehemu ya kumi ni milisekunde 100. Mmebakiwa na 30. Kwa kitufe cha "Lipa" haidhuru, mtu atangoja. Kwa menyu inayofunguka na kufungwa, atachoka na mfumo wenu siku ya kwanza.

Na njia ile ikikatika je? Mtu yuko kwenye kivuko cha Kigamboni, katikati ya maji mtandao unapotea. Blazor Server, ukiiacha na mipangilio yake ya kawaida, inamtunzia turubai lake dakika 3. Zikipita, limekunjwa, na alichokuwa anajaza kimekwenda nalo. Fomu ya kawaida ingemngoja mpaka afike ng'ambo. Kwa kazi ya fedha, kwa watu wanaotumia simu na bando la kuhesabu, mimi bado naanza na fomu ya kawaida, na sioni haya kulisema mbele ya vijana.

Nilimwacha Mama njiani, nimrudie. Nilipomaliza kurekebisha nilikwenda Mbagala jioni, nikamkuta jikoni kwake, karai liko motoni. Nikampa simu yangu, ukurasa umefunguka, hisa moja ya 5,000. Nikamwambia, "Mama, bofya." Akabofya. "Bofya tena." Akaniangalia. "Fedha ya nani?" Nikasema yangu. Akafuta mkono kwenye kanga, akabofya tena, na tena, na tena, akibofya kwa hasira kabisa, nadhani mara saba au nane. Risiti ikatokea, moja. Hakuitazama. Akaishika simu juu, mbali na moshi, akasema, "Risiti ni yako. Mimi nangoja meseji."

Tukangoja pale karibu na karai, wote wawili tunaitazama simu. Meseji ikaingia. Umekatwa 5,000. Tukangoja tena, akageuza samaki, akarudi, tukangoja. Haikuja nyingine.